Kijiti, Kivuli na Kibla: Maelekezo kwa Mwislamu Aliyehamia Kijiji cha Waislamu Wachache

Mwaka 2009 nilihamishiwa kufundisha katika kijiji kimoja cha wilaya ya Bahi, kando ya reli ya kati, magharibi ya Dodoma mjini. Nilitoka Kondoa, kwetu Urangi, ambako mtoto anaijua kibla kabla hajajua kuhesabu mpaka mia. Usiku wa kwanza nilisimama katikati ya chumba nimeshika mswala, sijui niutandike upande gani. Sikusikia adhana. Nilisikia mbwa, upepo, na treni ya mizigo ikipita.

Asubuhi jirani yangu, mama wa Kigogo, Mwanglikana wa kanisa la pale pale, alikuja na maji ya kuoga ndoo nzima. Nilipomweleza shida yangu hakushangaa. Alinishika mkono akanipeleka nyumba ya nne, kwa mzee wa Kinyamwezi aliyestaafu reli. "Mwalimu, huyu ndiye mwenzenu," akasema. Ndivyo nilivyoupata msikiti, na ndivyo nilivyojua kwamba mahali tulipo wachache, njia ya kwenda kwa Mwislamu mwenzio mara nyingi hupitia kwa jirani Mkristo.

Sensa ya nchi yetu haijauliza dini tangu mwaka 1967, basi mimi nahesabu kwa nyumba. Tulikuwa nyumba 11, sasa tuko 19. Mimi ni mweka hazina wa msikiti na nafundisha watoto madrasa Jumamosi na Jumapili baada ya alasiri, Wakristo wakiwa wamesharudi kutoka kanisani na watoto wa kijiji wako huru kucheza pamoja asubuhi. Haya ninayoandika ni kwa mwalimu, nesi, askari au mkulima anayehamia Ugogo, Mpwapwa, Manyoni au popote katikati ya nchi hii, akajikuta Waislamu ni wa kuhesabika kwa vidole. Nitakaa sana kwenye kibla, kwa sababu ndilo jambo la kwanza na ndilo linalokosewa zaidi.

Kuipata kibla bila simu

Kwetu Makka iko kaskazini, imeinama kidogo tu mashariki. Wageni wengi hukosea hapa. Wamezoea kusikia "Mashariki ya Kati", wanatandika mswala kuelekea jua linakochomoza. Ukiwa Tanzania ya kati na umeelekea mashariki, umeipa bahari ya Hindi uso na Makka umeiacha begani kushoto.

Hesabu yake ni hii, kutoka kaskazini halisi kwenda upande wa mashariki: Mpwapwa nyuzi 7, Dodoma mjini nyuzi 8, Bahi nyuzi 9, Manyoni nyuzi 10. Unaona inavyokwenda: kadiri unavyosogea magharibi ndivyo unavyozidi kuinamisha uso kulia. Nimepiga hesabu hiyo kwa kalamu na nikaihakiki kwa jua, nitakueleza namna.

Mzee mmoja aliwahi kunipinga kwa hadithi ya Mtume (s.a.w.) isemayo kwamba kati ya mashariki na magharibi ni kibla. Hadithi hiyo ni sahihi, ila iliwalenga watu wa Madina. Madina iko kaskazini ya Makka, wao wanaswali wakielekea kusini. Sisi tuko kusini ya Makka, tunaelekea kaskazini. Nilimchorea mchangani, nukta tatu tu, Madina juu, Makka katikati, Bahi chini. Tangu siku hiyo yeye ndiye huwachorea wageni.

Ikiwa umefika leo na unataka kuswali magharibi ya leo, fanya hivi: simama ili jua linakochomoza liwe mkono wako wa kulia na linakozama liwe mkono wa kushoto. Uso wako sasa uko kaskazini. Geuka kulia kidogo mno, kama unayetaka kumtazama mtu aliyesimama nyuma ya jirani yako wa safu ya mbele. Hapo inatosha kwa leo.

Msikiti ukijengwa, au ukiwa na shaka na ule uliopo, subiri jua. Wetu ulijengwa kwa tofali za kuchoma na fundi alinyoosha ukuta kufuata barabara. Barabara ilikuwa nzuri na imenyooka, naye alitaka jengo lipendeze. Miaka ikapita. Ikaja siku vijana wamerudi kutoka mjini na simu zenye dira, kila simu ikaonyesha upande wake. Moja ilielekea mlangoni, nyingine kwenye dirisha la wanawake. Nondo za nguzo, mabati ya paa, pikipiki iliyoegeshwa ukutani, vyote hivyo huivuta dira ya simu. Ijumaa ile tulikaribia kugombana, na wengine wakaanza kuswalia nyumbani. Katika nyumba 11, zikiondoka 3 umepoteza safu nzima.

Dawa yake ni kijiti. Mji wa Makka uko nyuzi 21 na nusu hivi kaskazini ya ikweta, na jua katika safari yake ya mwaka hupanda mpaka nyuzi 23 na nusu kisha hurudi. Kwa hiyo hulipita anga la Makka mara mbili, likienda na likirudi. Siku hizo, adhuhuri ya Makka, jua husimama wima juu ya Al-Kaaba, na Al-Kaaba haina kivuli. Dakika hiyo hiyo, mtu yeyote duniani anayeliona jua, akilielekea jua ameielekea Makka.

Siku ya kwanza ni Mei 28, saa 6 na dakika 18 mchana. Ya pili ni Julai 16, saa 6 na dakika 27 mchana. Mwaka ambao Februari ina siku 29, zote mbili hurudi nyuma siku moja: Mei 27 na Julai 15. Saa yetu na saa ya Saudia ni moja, huna haja ya kuongeza wala kupunguza. Na Mungu ametuwekea wepesi Ugogo: Mei na Julai ni kiangazi, mawingu ni nadra. Wenzetu wa nchi za mvua hulisubiri jua hilo mpaka wakate tamaa.

Jioni ya jana yake tafuta mti mnyoofu wa mita moja, kamba, mambo mbili (yaani vigingi vya kupigilia ardhini), na timazi ya fundi mwashi. Asubuhi chagua mahali tambarare nje ya msikiti, pasipo kivuli cha mti wala ukuta. Simamisha mti wako na uuhakiki kwa timazi pande mbili, kwa sababu mti ulioinama utakupa kibla kilichoinama. Upepo wa Julai kwetu ni mkali, basi uzungushie mawe shinani na umweke mtoto upande wa upepo akinge timazi kwa kanga. Saa ya simu inatosha, inajirekebisha kwa mtandao. Ifikapo dakika ile, piga mambo kwenye ncha ya kivuli. Funga kamba kutoka kwenye ncha hiyo mpaka shina la mti. Ukisimama kwenye ncha na kutazama shina, unatazama Makka. Usikosee ukageuza: kivuli kinaangukia kusini, kibla ni kule kivuli kinakotoka.

Ukichelewa dakika 5, kivuli kimeshahama nyuzi mbili na nusu hivi. Kwa hiyo awepo mmoja wa kusoma saa kwa sauti na mwingine wa kupiga mambo. Lakini usihuzunike ukikosa siku yenyewe. Siku mbili kabla au mbili baada, kwa saa ile ile, tofauti haionekani kwa macho.

Sisi tulifanya hivyo Mei 28 mwaka 2014. Niliwachukua na wanafunzi wa darasa la sita, Waislamu wanne na Wakristo waliobaki, kwa kuwa lilikuwa somo la jiografia kamili: mwendo wa jua, latitudo, saa. Aliyepiga mambo alikuwa mtoto wa mzee wa kanisa. Kivuli cha mti wa mita moja kilikuwa sentimita 52. Kisha tuliivuta kamba ndani ya msikiti kwa kuilinganisha na mlango, tukaona ukuta wa mbele umekosea nyuzi karibu 30.

Hatukubomoa. Hapa nakuomba unisikilize vizuri, maana nimeona mahali watu wakivunja jengo zima kwa jambo kama hili. Tulimuuliza sheikh wa wilaya, akasema swala zilizopita ni sahihi, kwa sababu wanavyuoni wengi huuona uelekeo wa jumla kuwa unatosha kwa aliye mbali na Al-Kaaba, nasi tulikuwa ndani ya uelekeo huo. Alituagiza turekebishe kuanzia siku ile. Tukapiga mistari ya rangi nyeupe sakafuni, imelala mshazari, imamu akahamia pembeni ya mihirabu. Macho yalizoea ndani ya wiki mbili. Ukijenga upya, kumbuka pia kwamba hata nyuzi 9 ni nyingi kuliko zinavyosikika: ukuta wa mita 6 ulioelekezwa kaskazini kamili, safu ikinyooshwa kwa kibla sahihi, ncha moja inatangulia nyingine kwa sentimita 95. Hiyo ni nafasi ya safu nzima ya watoto.

Vivuli vitatu

Mei 28 ya mwaka 2019 ilituangukia ndani ya Ramadhani. Mtoto wa dada yangu alikuwa akifanya kazi za nyumbani Muscat, Omani. Mwanafunzi wangu wa zamani wa Kondoa ni nesi huko Leicester, Uingereza. Niliwapigia usiku wa kuamkia siku hiyo nikawaambia kila mmoja atafute kijiti kilichonyooka, apime kivuli, dakika ile ile moja, sisi sote watatu.

Kwetu ilikuwa saa 6 na dakika 18 mchana. Muscat saa 7 na dakika 18. Leicester saa 4 na dakika 18 asubuhi. Yule wa Muscat alipanda darini kuanua nguo akasimamisha mpini wa ufagio. Yule wa Leicester alitumia rula kwenye bustani ya nyuma. Wakanitumia picha. Kwetu kivuli kiliangukia kusini, nusu ya mti. Muscat kiliangukia mashariki, kama theluthi ya mti tu, maana Makka wao iko jirani, magharibi yao. Leicester kiliangukia kaskazini-magharibi na kilikuwa karibu sawa na kijiti chenyewe, kwani yeye ndiye aliye mbali kuliko sote. Urefu wa kivuli ndio unaoonyesha umbali wako na Makka.

Mtoto wa dada aliniandikia, "Mama mdogo, leo nimejiona niko nyumbani." Sikujua nimjibu nini. Alikuwa na mwaka wa pili hajarudi. Yule wa Leicester alikuwa akifunga saa 18 kwa siku, sisi tunafunga 13, na katika wodi yake Mwislamu alikuwa peke yake zamu hiyo. Aliniambia Waislamu ni wengi katika mji ule, lakini kazini anaeleza kila mwaka, kama mimi nilivyokuwa nikieleza ofisi ya walimu, kwa nini sinywi hata maji. Nilimshauri kile nilichojifunza Bahi: usingoje waulize. Siku moja kabla ya mwezi kuandama, waambie wenzako lini unaanza, utakula saa ngapi, na kwamba hawakukosei wao wakila mbele yako. Neno hilo la mwisho huwaondolea watu aibu kubwa.

Ukiwa na ndugu ughaibuni, mfanye naye jambo hili la kivuli. Halina gharama.

Kaburi

Kibla ukishakuwa nacho, tayarisha na kaburi, kwa kuwa msiba haungoji Mei.

Maiti hulazwa ubavu wa kulia, uso kibla. Kwa kuwa kibla chetu ni kaskazini, kichwa kinakuwa mashariki na miguu magharibi, na shimo linalala mashariki-magharibi likiwa limeinama nyuzi zile 9. Tuna mambo mbili za chuma zilizozikwa penye eneo letu la makaburi, zimepigwa kwa kamba ya siku ile ya kivuli. Mchimbaji yeyote anafunga uzi tu. Nasema mchimbaji yeyote kwa sababu kwetu wachimbaji wengi ni vijana wa kanisani. Tulipofiwa na yule mzee wa reli mwaka 2016, wanaume wa Kiislamu waliokuwa kijijini siku hiyo walikuwa watano, na ardhi ya Bahi kiangazi ni ngumu kama sakafu. Vijana 14 wa jirani walikuja na sururu bila kuitwa. Mkubwa wao aliuliza jambo moja: "Mwalimu, kichwa mnaweka wapi?" Wao makaburi yao nayo ni mashariki-magharibi, ila kichwa huweka magharibi. Basi waelekeze wachimbaji mapema upande wa kichwa, na waonyeshe mwanandani unavyochongwa ubavuni mwa shimo upande wa kibla, maana hawajauzoea.

Uwe na sanduku la janaza kabla hujalihitaji. La kwetu lina bafta ya sanda, mwanamume vipande 3 na mwanamke vipande 5, pamba, kafuri, udi, sabuni, mkasi, na glavu. Majani ya mkunazi hatuyaweki, tunayachuma mabichi. Sunna ni kuosha kwa majani hayo, na Ugogo umejaa mikunazi. Niliishi Kondoa miaka mingi nikinunua majani makavu ya unga kutoka kwa mahujaji, ilhali mti wenyewe unatoa kivuli kwa mbuzi nyuma ya nyumba. Angalau wanawake wawili na wanaume wawili wajue kuosha. Sisi tulikuwa na mwanamke mmoja tu anayejua, na mwaka mmoja akafariki yeye mwenyewe. Nililazimika kutafuta mwoshaji kwa simu mpaka Dodoma mjini, tukamsubiri mpaka alasiri juani. Tangu hapo nafundisha wasichana wakubwa wa madrasa kwa kutumia mdoli wa nguo.

Jirani wakileta chakula, kipokee. Ugali wa mtama na mlenda hauna shaka yoyote. Waombe tu uji usiwe wa kimea kilichochachuka.

Adhana ya redio

Jambo fupi lakini linaharibu funga za watu. Jua huzama Dar es Salaam kabla ya kuzama kwetu: Dodoma mjini inachelewa dakika 14, Bahi dakika 16, na Manyoni zaidi. Redio ikiadhini magharibi ya Dar es Salaam, kwetu jua bado lipo juu ya upeo. Nimekuta familia nzima za watumishi waliohama zikifuturu hivyo mwezi mzima kwa nia njema kabisa. Ratiba ya Ramadhani iliyochapishwa Dar es Salaam iongezee dakika hizo, na uandike kwa kalamu nyekundu juu ya kila ukurasa. Kwa daku redio haikudhuru, maana alfajiri nayo huwahi kwao. Televisheni ya Makka iache kabisa kwa jambo hili. Saa ni moja, lakini latitudo ni nyingine, na magharibi yao huhama sana kati ya Desemba na Julai.

Ugogo una upeo mpana. Toka nje utazame jua kwa macho.

Mwezi

Wako wanaofuata tangazo la Mufti wa BAKWATA, baraza kuu la Waislamu wa nchi yetu, wako wanaofuata Saudia. Mijini kila msikiti una lake. Kijijini kwenye nyumba 19 hamwezi kuwa na Idi mbili. Kaeni mwezi wa Shaaban, kabla joto halijapanda, mkubaliane mtafuata nini, muandike kwenye daftari la msikiti. Sisi tunafuata tangazo la nchi kwa sababu ndilo linalowapa watoto mapumziko ya shule. Anayeona vinginevyo hufunga au hufungua kimya kimya, na siku ya swala ya Idi huja kuswali nasi. Nawaheshimu sana hao.

Chungu kimoja

Harusi ya Kigogo haialiki nusu ya kijiji. Ndiyo maana kwetu, kama sehemu nyingi za Tanzania, mwenye sherehe Mkristo humwita Mwislamu achinje ili wote wale sufuria moja. Ukihamia kijiji wanaweza kukujia siku ya tatu. Usikatae kwa uvivu. Kama hujui, jifunze: kisu kikali kweli, mnyama asione kisu kikinolewa, alazwe kuelekea kibla, useme "Bismillahi, Allahu Akbar", ukate koo na mishipa yote miwili ya shingo kwa mkato usiosita, uache damu itoke mpaka atulie kabisa kabla ya kuchuna. Nenda alfajiri. Mchinjaji akichelewa, mama wapishi wanabaki na moto bila nyama, na mwaka ujao hawatakuita.

Mambo mawili myaseme mapema na mama wapishi, kwa upole, wiki moja kabla. Kama kutakuwa na kitimoto, kipikwe mbali, na miko na masufuria yake yasichanganywe. Na pombe ya mtama iwe na banda lake. Mimi sijawahi kunyimwa hata moja kati ya hayo. Waliowahi kunyimwa, kwa nilivyoona, walisema siku yenyewe, mbele ya wageni, wakamwaibisha mwenye shughuli.

Nasi tuwaalike. Siku ya futari ya pamoja tunaweka tambi, viazi vitamu, maharage ya nazi, na tende. Nazi haioti Bahi, inatoka pwani kwa basi, na watoto wa Kigogo waliouonja mchuzi wa nazi kwetu sasa huwaomba mama zao. Tende zinatoka Arabuni mpaka soko la Majengo Dodoma mjini. Nunua mwezi wa Rajabu, bei hupanda Ramadhani ikikaribia.

Kuhusu zabibu, kwa kuwa huku ndiko kwenye zabibu za nchi: mkulima Mwislamu huulizwa na dhamiri yake kama auze kwa kiwanda cha mvinyo. Wanavyuoni wamekataza kumuuzia zabibu unayejua ataifanya mvinyo. Ndugu wawili wa msikiti wetu huuza za kula sokoni na nyingine huzikausha. Faida ni ndogo zaidi na kazi ni nyingi zaidi, kukinga nyuki na vumbi siku zote hizo. Tunawasaidia kwa kununua kwao, si kwa Dua peke yake.

Kisima na nyama ya nje

Siku moja utapigiwa simu na mtu anayesema kuna wafadhili, pengine Uturuki, pengine Ghuba, wanataka kuchimba kisima au kuchinja ng'ombe wa Idi kijijini kwenu. Watu wengi wema wamepata maji kwa njia hiyo. Dodoma mjini tuna msikiti mkubwa wa Gaddafi, uliofunguliwa mwaka 2010, uliojengwa kwa fedha za Libya, na nimeswali humo mara nyingi nikiwaombea waliotoa. Lakini pokea kwa utaratibu.

Ng'ombe wa kuchinja Idi ni rahisi. Ng'ombe mmoja ni wa watu 7, awe ametimiza miaka miwili. Mfadhili atataka jina lake litajwe wakati wa kuchinja na video imfikie. Mpe, ni haki yake. Usikubali video ya watoto wamenyoosha mikono wakiomba nyama. Nilikataa mwaka mmoja na nyama ilikuja vile vile. Gawa kwa orodha, si kwa foleni. Orodha yetu ina nyumba za jirani wasio Waislamu, wajane kwanza, na sheikh alituthibitishia kwamba inafaa kuwapa.

Kisima ndicho kinachotaka kichwa kilichotulia. Kwanza uende serikali ya kijiji, halafu ofisi ya wilaya ya RUWASA, wakala wa maji vijijini, kabla gari la kuchimbia halijafika. Maji ya kati ya nchi mara nyingi yana chumvi, na mahali pengine floridi inayoharibu meno ya watoto, kwa hiyo sampuli ipimwe maabara kabla ya kufunga pampu na kabla ya kuandika jina la mtu yeyote kwenye kibao. Cha kwetu cha kwanza hakikupimwa. Kibao kilikuwa kizuri, maji hata ng'ombe walikuwa wakiyakataa, na pampu ilikufa ndani ya miezi minane, aliyeleta mradi hapokei simu. Watu walituangalia sisi Waislamu kana kwamba tuliwadanganya. Iliniuma sana.

Cha pili tulikaa na kijiji tangu siku ya kwanza. Kiwanja kimeandikwa kwenye muhtasari wa kijiji kwamba ni cha wote. Kila ndoo ina senti zake kidogo za kununulia vipuri, na daftari nalishika mimi pamoja na mhazini wa kanisa, tunalihesabu pamoja kila Jumamosi. Ufunguo wa pampu anao yule mama wa Kigogo aliyeniletea ndoo ya maji asubuhi ya kwanza, kwa sababu nyumba yake ndiyo iliyo karibu. Anafungua saa 12 asubuhi. Ramadhani hufungua saa 10 usiku, ili tupate maji ya daku.